Krismasi ya Watamu na Deni Lisilo na Shahidi

Mwezi wa Desemba unapoingia, mji wa Watamu huvaa sura mpya. Pepo za kaskazi huwa zimeshika, maji ya Hifadhi ya Baharini iliyotengwa mwaka 1968 huwa maangavu tena baada ya machafuko ya kusi, na hoteli zilizofungwa tangu mvua za masika hufunguliwa milango na kupakwa rangi. Wahudumu walioachishwa Aprili huitwa warejee kazini. Wenye mashua za vioo hukaza mbao zilizolegea, wenye tuktuk husogea karibu na malango ya hoteli, na vijana wa ufuoni, ambao wamejifunza Kiitaliano bila ya kuketi darasani hata siku moja (jambo ambalo sisi walimu wa lugha tungepaswa kulitafakari zaidi), huanza kunoa salamu zao. Wenyeji huuita wakati huo sizoni. Kwao ni mavuno.

Kwingi nchini, Krismasi ni wakati wa kutumia kilichochumwa mwaka mzima. Watamu ni wakati wa kuchuma na wakati wa kutumia kwa pamoja, na mambo hayo mawili hayaanzi siku moja. Aliyeitwa kazini katika wiki ya pili ya Desemba hatarajii mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Bahashishi ya maana nayo hupatikana mgeni anapofunga mizigo yake kuondoka, na wengi huondoka baada ya Mwaka Mpya. Lakini sikukuu haimngoji mtu. Watoto wanataka nguo, jamaa wa Gede, Dabaso na Timboni wanatarajia pilau na nyama ya mbuzi, na aliyekuja kutafuta kazi kutoka Kakamega au Kisumu anatakiwa ama aende kwao kwa nauli iliyokwisha kupanda, ama atume kitu. Kati ya siku ya kuitwa kazini na siku ya kulipwa pana shimo, na shimo hilo hufukiwa kwa mkopo.

Kwa hivyo deni la Krismasi la Watamu si deni la mtu asiye na kipato. Ni deni la mtu anayekula leo pesa za mwezi ujao, akiwa na yakini kwamba zitakuja. Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu nasaha tunazozisoma magazetini kila mwaka, kwamba tuandike orodha, tununue mapema na tusiende sokoni na njaa, ni nasaha njema zilizotungwa kwa ajili ya mtu anayelipwa mara 12 kwa mwaka. Mhudumu wa Watamu anaweza kuandika orodha nzuri kuliko yangu na bado akazama.

Hata mwalimu, ambaye mshahara wake haujui kaskazi wala kusi, hutegwa na mtego unaofanana na huo. Aghalabu mshahara wa Desemba hutolewa mapema ili watu wapate cha kuadhimishia sikukuu. Ukilipwa tarehe 20 Desemba na usilipwe tena hadi tarehe 30 Januari, umepewa mshahara wa mwezi mmoja uutumie kwa siku 41. Wakenya, kwa ucheshi wao, wameunganisha njaa na Januari wakapata Njaanuari. Ni neno lililoundwa kwa ustadi, na sidhani kwamba lingezaliwa katika nchi isiyolihitaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote ya mshahara yasizidi theluthi mbili, yaani mfanyakazi abakiwe na theluthi moja ya kwendea nyumbani. Nawajua walimu wanaoishi juu ya theluthi hiyo kama mtu asimamaye kwenye ukingo wa kisima, na Desemba ndio mwezi wa kuchungulia ndani.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi. Kinachonivutia kwanza katika jambo hili ni majina. Atakaye kununua muda wa maongezi ilhali hana pesa huomba Okoa Jahazi, na asilimia 10 hukatwa papo hapo. Mwezi wa Novemba 2012 ilizaliwa M-Shwari, na mapema mwaka 2019 tukaletewa Fuliza. Msomaji aliyezaliwa pwani hana budi kutabasamu. Kuokoa jahazi ni nahau ya mabaharia, maana yake ni kunusuru jambo linaloelekea kuharibika. Shwari ni bahari iliyotulia. Na kufuliza, ambalo ni ndugu wa kufululiza, ni kuendelea bila ya kukoma. Waliobuni majina hayo walijua Kiswahili, tena Kiswahili cha baharini. Wasichotuambia ni kwamba nahodha wa jahazi la tanga haipendi shwari hata kidogo, kwa kuwa pasipo upepo chombo hakiendi popote. Maji yamelala kama kioo nawe umekwama mahali pamoja, huku maji ya kunywa yakipungua mapipani. Ama kuhusu kufuliza, sina la kuongeza. Jina limesema lenyewe: aliyeanza haachi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa kimetuonya. Katika baadhi ya kamusi za kale kitenzi kukopa kimepewa maana mbili, kuchukua kwa ahadi ya kulipa na kulaghai, na wahenga wakaongeza kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Katika Kiarabu, ambako tumelitoa neno deni, neno hilo lina konsonanti zile zile zilizomo katika neno dini. Sijengi hoja juu ya hilo, ila huwa linanijia akilini ninapoona siku ya ibada ikigeuka kuwa siku ya kukopa.

Tuje kwenye hesabu. M-Shwari ilipoanza, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Yaonekana ni kidogo. Aliyekopa Sh10,000 alilipa Sh750 juu yake. Lakini mkopaji wa Krismasi aghalabu halipi kwa mshahara. Hulipa mkopo wa kwanza kwa mkopo wa pili, na wa pili kwa wa tatu, akitoka kwa mkopeshaji huyu akienda kwa yule. Akifanya hivyo mara 4, kuanzia Desemba hadi Machi, kwa ada kama hiyo, atakuwa amelipa Sh3,000 kwa ajili ya Sh10,000, na zile Sh10,000 zenyewe bado zimo shingoni mwake. Fuliza ada yake huhesabiwa kwa siku, na ingawa viwango vilipunguzwa mwaka 2022, hesabu ya kila siku haina Jumapili wala sikukuu. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, ila muda wa kulipa ulikuwa siku 14. Aliyekopa humo tarehe 20 Desemba ili anunue mbuzi alitakiwa awe amelipa kufikia tarehe 3 Januari, mifupa ya mbuzi haijakauka, na mgeni wa hotelini hajafunga mizigo.

Kukopa kwa ajili ya sherehe hakukuanza na simu. Mtu asidhani kwamba babu zetu walikuwa malaika wa uwekevu. Neno msimu limetoka katika Kiarabu, mausim, na kutoka huko huko Wareno na Waingereza walipata majina yao ya pepo hizi. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na biashara ya pwani nzima ilikwenda kwa mwendo huo. Pwani ilikuwa na desturi ya mali kauli: mtu hupewa bidhaa bila ya kulipa, kwa ahadi ya mdomo, naye hulipa akishauza. Hebu liangalie jina hilo. Dhamana ya mali ilikuwa ni kauli, yaani neno la mtu lililosikiwa na watu. Wavuvi wetu hadi leo wanamjua tajiri, yule anayewapa nyavu, mashua au pesa za matumizi, nao humuuzia yeye samaki mpaka deni liishe, ikiwa litaisha. Sisifu utaratibu huo. Samaki wa mwenye deni hana bei ya soko. Lakini angalau tajiri ana uso, na kijiji kizima kinajua nani anamvulia nani.

Mfano mzito zaidi uko bara ya Kilifi, katika minazi ya Kaloleni. Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, David Parkin, alifanya utafiti wake kwa Wagiriama wa huko katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kitabu ambacho jina lake linataja mambo matatu kwa pamoja: minazi, tembo na mashahidi. Alichoeleza ni hiki. Wakulima waliotakiwa kugharimia mazishi na mahari waliweka rehani au kuuza minazi na mashamba yao. Wenzao wachache, waliokuwa na pesa, waliipokea minazi hiyo, na polepole wakawa wenye mali. Sherehe ziliwalisha wote, wenyeji na wageni, lakini zilipokwisha mti ulikuwa umebadilisha mwenyewe. Mkataba huo haukuwa wa siri. Wazee walikuwepo, na neno lao ndilo lililoamua baadaye nani alitoa nini na kwa masharti gani. Aliyetaka kuweka rehani minazi ya ukoo kwa ajili ya karamu alipaswa kusema hivyo mbele za watu.

Hapo ndipo lilipo jambo lililonifanya nishike kalamu. Mkopo wa leo hauna shahidi. Mtu amelala chali kitandani usiku wa tarehe 22, mkewe kando yake, anabonyeza vitufe mara 5 au 6, na kabla hajageuka upande wa pili ana deni. Mke hajui. Naye pengine amekwisha kubonyeza vya kwake. Kesho yake wote wawili wana pesa, kila mmoja anamshangaa mwenzake kwa furaha, na watoto wanadhani sizoni imefana. Hapana mzee wa kuuliza utalipa kwa nini, hapana jirani wa kukohoa. Haya, ambayo ilikuwa breki ya mkopaji, imeondolewa. Waliotengeneza huduma hizi huihesabu hali hiyo kuwa ni heshima kwa mteja, kwamba faragha yake imehifadhiwa. Kwa upande mmoja ni kweli: maskini amenusurika na dharau ya kuombaomba. Sipuuzi jambo hilo. Nimeona watu wazima wakifedheheshwa kwa Sh500.

Lakini tazameni kilichotokea deni lilipochelewa. Mashahidi walirudi, tena kwa njia mbaya. Kwa miaka kadhaa baadhi ya wakopeshaji wa simu waliingia katika orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa wakawapigia shemeji, bosi na mwalimu wa watoto wake, wakiwaarifu kwamba fulani hajalipa. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya itoe kanuni mwaka 2022 za kuupiga marufuku mtindo huo. Majina ya wadaiwa wa pesa kidogo sana nayo yalikuwa yakipelekwa kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, hadi mwaka 2020 ilipoamuliwa kwamba deni lisilofika Sh1,000 lisimharibie mtu jina lake. Zamani shahidi aliitwa kabla ya deni, ili alizuie au alipime. Siku hizi aliitwa baada ya deni, ili aaibishe.

Na ile yakini ya kwamba pesa zitakuja? Watamu imepata mafunzo yake. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise ilishambuliwa kule Kikambala, wageni wakaiogopa pwani nzima, mwezi mmoja kabla ya sikukuu. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulifuatwa na ghasia, na Januari 2008, mwezi ambao mkopaji wa Krismasi alikuwa akiutegemea, watalii walikatiza safari zao na hoteli za pwani zikapunguza wafanyakazi. Machi 2020 ugonjwa wa korona uliufunga ufuo kabla ya masika kuufunga. Katika kila tukio mwenye hoteli alipata hasara, hilo halina ubishi, lakini aliyekuwa amekopa kwa kutumaini bahashishi ndiye aliyeachwa na deni la karamu iliyokwisha kuliwa.

Sisemi watu wasisherehekee. Krismasi ya Watamu ni ya wote. Mswahili Mwislamu wa mtaa wa zamani hupelekewa sahani na jirani yake Mgiriama Mkristo, naye hurejesha sahani siku ya Idi, na sahani hairudi tupu. Mji wenye desturi hiyo haupaswi kuambiwa na mwalimu wa chuo kikuu kwamba uache kupika. Swali ni ukubwa wa chungu.

Kipimo cha chungu ni msimu mzima, si mwezi. Natoa mfano wa kubuni. Mhudumu anapata Sh90,000 kuanzia Desemba hadi Machi, mshahara na bahashishi pamoja. Akizigawa kwa miezi hiyo 4 atajiona ana Sh22,500 kwa mwezi, naye atapika kwa kipimo hicho. Lakini kuanzia Aprili hadi Julai, kabla ya Waitaliano kurudi kwa likizo yao ya Agosti, hapati ila vibarua vya Sh5,000 kwa mwezi. Jumla ya miezi 8 ni Sh110,000, sawa na Sh13,750 kwa mwezi. Mtu huyo ni mtu wa Sh13,750 aliyejipa mavazi ya mtu wa Sh22,500, na tofauti hiyo ya Sh8,750 ndiyo anayoikopea Juni ili anunue unga. Akilijua hilo mapema, mbuzi atakuwa kuku wawili, na nguo za watoto zitakuwa zile watakazovaa hata Pasaka. Si adhabu. Ni kuku wawili.

La pili, shahidi arudishwe. Simaanishi baraza la wazee. Namaanisha kwamba mkopo wa sherehe usichukuliwe bila ya mtu wa pili wa nyumba kujua kiasi chake, ada yake na siku yake ya kulipa. Wanawake wengi wa pwani wanaocheza upatu wamelielewa jambo hili zamani. Nguvu ya upatu haimo katika pesa, ambazo ni zile zile ulizozitoa, bali katika macho ya wenzako wanaokusubiri ulete fungu lako. Kundi linaloanza kuchanga Sh200 kwa wiki mwezi wa Agosti huingia Krismasi na kitu kisicho na ada. Kwa wiki 18 kila mwanachama atakuwa ameweka Sh3,600, na hakuna atakayepigiwa simu Januari.

Hapa ninyi wanafunzi mna kazi, na msiseme mambo haya ni ya wakubwa. Mko nyumbani mwezi mzima. Asilimia mmefundishwa tangu shule ya msingi. Mzazi ambaye hakupata bahati ya kukaa darasani muda mrefu anaweza kuusoma ujumbe wa mkopo na asiuone mzigo uliomo. Msomeeni, mpigieni hesabu kwa kalamu, mwandikieni ni shilingi ngapi zitarudi na lini. Pia mjue kwamba mnachokiomba nyinyi ndicho kinachokopewa mara nyingi. Viatu vya Desemba vinashindana na karo ya Januari, na mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kufuata karo katika wiki ya pili ya muhula haendi nyumbani na viatu vyake tu.

Kwa walimu wakuu wa sehemu za Watamu na Gede nina ombi moja. Sehemu kubwa zaidi ya karo hutakiwa muhula wa kwanza, wakati ambapo pesa za mzazi wa hotelini zinaingia kidogo kidogo, leo kutoka kwa mgeni huyu, kesho kutoka kwa yule. Pesa za namna hiyo hazikai nyumbani. Kabla ya shule kufungwa mwishoni mwa mwaka, mzazi apewe nambari ya akaunti ya shule na barua fupi inayomruhusu kulipa mafungu madogo katika likizo, bila ya kuulizwa kwa nini hakuleta yote. Anayeweka Sh2,000 kila Jumatatu, kwa Jumatatu 4 za Desemba, atafika langoni mwa shule Januari na Sh8,000 zilizokwisha kulipwa, na risiti 4 za kuonyesha.